Maporomoko katika nchi kavu: Tsavo Mashariki, Awash au Augrabies?

Ukitaka kuwaonyesha watoto maporomoko ya maji tu, huna shida. Materuni iko juu ya Moshi, Thomson Falls iko Nyahururu, na kote huko utaoga manyunyu chini ya migomba na miti mibichi. Ukitaka maporomoko yaliyozungukwa na nchi kame, maji yakinguruma mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa, orodha inakuwa fupi sana. Na ukitaka mahali hapo pawe ndani ya hifadhi ya taifa, pafikike na familia yenye bibi na mtoto wa miaka sita, Afrika yetu inakuachia majina matatu ya kufikiria kwa dhati: maporomoko ya Lugard ndani ya Tsavo Mashariki, Kenya; maporomoko ya Awash katika hifadhi ya jina hilohilo, Ethiopia; na Augrabies, Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini.

Yote matatu yana siri moja: mto unakunywa mvua ya mbali. Galana unaanzia kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukaongezewa maji ya mto Tsavo kutoka upande wa Kilimanjaro. Awash unashuka kutoka milima iliyo magharibi ya Addis Ababa. Mto Orange unatoka Lesotho na kukata nchi zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Atlantiki. Ndiyo maana unaweza kusimama chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja, vumbi mpaka puani, ukaona mto unapanda.

Watu wengi hulinganisha maporomoko kwa urefu. Kwa familia, hicho si kipimo. Mimi napima hivi: watoto watakuwa nje ya gari kwa saa ngapi? Mtoto anayekaa kitini mchana kutwa katika joto la nyika hakumbuki tembo, anakumbuka kiti. Ukishikilia swali hilo, utaona hizi hifadhi tatu zinaachana mapema sana.

Tsavo Mashariki: uwanja ni wa wanyama, maji ni kituo

Niseme mapema ili asije mtu akadai nilimdanganya: Lugard si maporomoko ya kuanguka kutoka juu. Ni mto mpana unaobanwa ghafla kati ya miamba, ukaingia kwenye mifereji myembamba, ukatoka povu upande wa pili. Anayetarajia pazia la maji atauliza, "Ndiyo haya?" Anayejua anachokwenda kuona atakaa pale saa nzima, kwa sababu mwamba wenyewe ndio maonyesho. Maji yaliyobeba mchanga kwa miaka isiyohesabika yameuchonga kuwa mabakuli, mashimo na migongo laini, mistari ya kijivu na ya waridi ikipishana. Jina linatokana na Frederick Lugard, aliyepita njia ya mto huu mwaka 1890 akiwa na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta njia ya kwenda Uganda. Watu wa Malindi wanayajua maji haya vizuri kuliko wanavyodhani: ndiyo yayo hayo yanayofika kwao kwa jina la Sabaki na kuitia bahari rangi ya udongo kila mvua inaponyesha bara.

Kinachoibeba Tsavo ni hayo mengine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1948, ina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, na eneo zima la Tsavo lina tembo wengi kuliko mahali pengine popote Kenya. Tembo wenyewe ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, na mtoto aliyezoea tembo wa kijivu wa vitabuni hupigwa na butwaa. Kuna uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa lava ngumu unaoandamana na mto kwa karibu kilomita 300. Kuna mwamba wa Mudanda, unaoweza kuupanda kidogo ukachungulia tembo wakinywa maji chini yake kama ni msimu wa ukavu. Kuna bwawa la Aruba, swala twiga wanaosimama kwa miguu miwili kula majani, simba wa kiume wasio na manyoya mengi shingoni. Kwa kuona wanyama, hakuna ulinganisho hapa. Tsavo inashinda.

Lakini rudi kwenye swali la gari. Ndani ya Tsavo hushuki unapopenda. Unashuka Lugard, unashuka Mudanda, unashuka kwenye kambi yako, basi. Na Lugard kwenyewe hakuna uzio wa kukutenga na maji. Mwamba unateleza hata ukiwa mkavu, na chini kidogo ya hapo kuna mahali panapojulikana kwa mamba wake. Wapo vijana wanaojaribu kutagaa mguu huku na mguu kule pale mto unapobana, wapigwe picha. Mzazi mwenye watoto wawili watukutu atakuwa na kazi ya kushika mikono badala ya kutazama maji. Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mdogo, hiyo ndiyo hesabu yangu ya pale.

Ubora mwingine wa Tsavo ni kwamba kufika si kazi. Tangu mwaka 2017 reli ya kisasa, SGR, inapita Voi. Kata tiketi ya treni inayosimama hapo, mkodi gari la juu mjini au mwagize kambi iwafuate stesheni, na geti la Voi liko karibu kabisa na mji. Kutoka Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 150. Kutoka Malindi unaingia kwa geti la Sala baada ya zaidi ya kilomita 100, ukaufuata mto kwenda juu mpaka kwenye maporomoko, na hiyo kwangu ndiyo njia tamu zaidi, kwani mikoma na mto vinakusindikiza. Kutoka Moshi au Arusha unavukia Holili na Taveta, kisha lami mpaka Voi. Familia ya Kilimanjaro inaweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani na ya jioni Tsavo.

Augrabies: hapa watoto wanatembea

Sasa tuvuke kusini. Augrabies iko kama kilomita 120 magharibi ya mji wa Upington, ilitangazwa hifadhi mwaka 1966, na hapa ndipo neno jangwa linapokaribia maana yake halisi. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Nchi ni mawe: mawe ya waridi, mawe meusi, mawe yaliyopasuka kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Miti inayosimama kati yake ni mishubiri mirefu yenye shina la dhahabu na matawi yaliyogawanyika mawili mawili, ambayo Wasani walikuwa wakichimba matawi yake kutengeneza podo za mishale. Halafu katikati ya ukame huo mto Orange unakuja mpana, umegawanyika vijito vingi kati ya visiwa, unakusanyika, na unaangukia korongo kutoka mita 56. Korongo lenyewe linaendelea kwa kilomita 18, na kuta zake mahali pengine zina kina cha zaidi ya mita 200.

Mngurumo unausikia ukiwa bado unalipia mapokezini. Kutoka hapo ni dakika chache tu kwa miguu mpaka kwenye njia za mbao zenye vizuizi, na njia hizo zinakupeleka kwenye majukwaa kadhaa, kila moja likikuonyesha maji kwa upande wake. Bibi mwenye magoti mabovu anafika. Mtoto wa kusukumwa kwenye kigari anafika. Ukishalala ndani ya hifadhi unaweza kuyatazama maji asubuhi, ukarudi kunywa chai, ukaenda tena jioni jua linapougeuza ukuta wa korongo kuwa mwekundu, bila kuwasha gari hata mara moja.

Na hakuna simba. Hapo ndipo ulinganisho wote unapogeuka. Hakuna simba, hakuna tembo, hakuna nyati. Chui wapo ila ni nadra mtu kuwaona. Kwa hiyo hifadhi inakuruhusu kutembea. Iko njia ya mzunguko inayoitwa Dassie, yaani njia ya pimbi, kama kilomita 5 hivi, inapita kwenye mawe na vijito na kufika karibu na mwamba mmoja mkubwa laini unaoitwa Moon Rock. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea kwenda shule anaimudu, mradi mwanzie alfajiri. Mbuzi mawe wanasimama kwa ncha za kwato juu ya mwamba, pimbi wanaota jua, na kwenye tambarare kuna twiga na choroa wa kusini. Kwa wakubwa wenye nguvu kuna njia ya siku tatu ya Klipspringer, lakini hiyo hufungwa miezi ya joto kali, na sababu utaielewa ukigusa jiwe mchana wa Januari.

Kwa watoto, hata hivyo, nyota ya Augrabies si twiga wala maji. Ni mjusi. Karibu na majukwaa kuna mijusi bapa, madume yakiwa na kichwa cha buluu na tumbo la chungwa kali, ambayo hukusanyika kando ya mto kuwinda nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji ya kasi. Wanaruka kabisa, mwili wote hewani, wakadaka nzi na kutua kwenye jiwe. Wanaishi kwa wingi katika eneo hili dogo la mto Orange. Haihitaji darubini wala dereva wa kukodi, na mtoto anaweza kuwatazama mpaka umburute kwa mkono.

Kuna hadithi ya kuwasimulia jioni, kwamba chini ya dimbwi la maporomoko zimelala almasi zilizobebwa na mto kutoka juu. Hakuna aliyekwenda kuzichukua, na ukiyatazama maji yale utajua kwa nini.

Hatari ya hapa ni ya aina nyingine. Mwamba ulio ukingoni mwa korongo umesuguliwa na maji mpaka ukawa kama kioo, na watu wamewahi kupoteza maisha kwa kuruka vizuizi wapate picha nzuri. Sheria ya familia iwe moja na isiyojadiliwa: upande wa pili wa uzio si wetu. Mtoni hamuogi, kuna mabwawa ya kuogelea kambini, na mchana wote wa joto mtaushinda humo. Viatu vifungwe, kwa sababu nge na nyoka wapo. Nyani na tumbili watakuja mezani kwenu kwa ujasiri wa wageni walioalikwa, kwa hiyo vyakula vifungiwe ndani.

Ubaya wa Augrabies ni umbali na upweke wake. Unaruka kutoka Nairobi au Dar es Salaam mpaka Johannesburg, kama saa nne, halafu ndege ndogo hadi Upington, halafu gari la kukodi. Barabara ni lami mpaka getini, na kwa kuwa Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, dereva wa nyumbani hana la kujifunza upya. Wengine hukodi gari Johannesburg kabisa. Ni kama kilomita 800 mpaka Upington, zimenyooka na hazina cha kuona, na kwa watoto sishauri. Kama mna siku za ziada, panda kaskazini kama kilomita 250 kutoka Upington mpaka Kgalagadi, hifadhi ya pamoja ya Afrika Kusini na Botswana, mkaone simba wenye manyoya meusi kwenye mchanga mwekundu. Hapo safari inatimia: maji mnayo, matembezi mnayo, na simba mmewaona.

Awash: kwa aliye Addis tayari

Awash ina maporomoko yanayoonekana vizuri kuliko Lugard, na iko kilomita 200 na zaidi kidogo mashariki ya Addis Ababa, kwenye njia kuu ya malori ya Djibouti. Mto unafika ukingoni, unamwagika kwa upana juu ya mawe meusi ya volkano, unaingia korongoni, na safari yake haiishii baharini: unakwenda kufia kwenye maziwa ya chumvi karibu na mpaka wa Djibouti. Upande wa chini wa mto huohuo, Hadar, ndiko mifupa ya Lucy, zamadamu maarufu wa jamii ya binadamu wa kale, ilikopatikana mwaka 1974. Mtoto anayependa mambo ya kale atafurahi zaidi kuiona nakala yake kwenye makumbusho ya Addis, kisha kuuona mto wenyewe.

Nyumba ya wageni imejengwa ikitazama maporomoko, kwa hiyo chakula cha mchana na maji vinakwenda pamoja. Kuna choroa kwenye tambarare ya nyasi kavu, nyani wa hamadryas wenye manyoya ya fedha mabegani, mamba chini ya maporomoko, na upande wa kaskazini wa hifadhi chemchemi za maji moto za Filwoha zilizozungukwa na mikoma. Mlinzi wa hifadhi mwenye bunduki huwa anawasindikiza wageni. Mswahili atapata starehe moja ndogo: Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, asubuhi ikianza saa moja. Ukiambiwa muondoke saa kumi na mbili, uliza tu kama ni yao au ya ndege.

Kwa nini basi siiweki juu? Mlima Fentale, volkano iliyo ndani ya hifadhi hii, uliamka chini kwa chini mwishoni mwa mwaka 2024. Matetemeko yakafuatana, ardhi ikapasuka mahali mahali, na Januari 2025 maelfu ya watu wa eneo hilo wakahamishwa. Ukiongeza hali ya usalama ya baadhi ya sehemu za Ethiopia, ambayo miaka hii imekuwa ikibadilika, na barabara ambayo malori hayalali, sioni sababu ya kuwafungia safari watoto kutoka Dar au Kisumu kwa ajili ya Awash peke yake. Mwenye ndugu Addis, au aliyekaa hapo siku chache akisubiri ndege ya kuendelea, aulize hali ya wiki hiyo kisha aende kulala usiku mmoja. Kwake ni zawadi.

Likizo za shule na kalenda ya maji

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, maana likizo ya mtoto na maji ya mto hawakuwahi kukaa kikao kimoja.

Augrabies maji huwa mengi kuanzia Januari mpaka karibu Aprili, mvua za kiangazi cha kusini zinapokuwa zimeshuka, ingawa mabwawa makubwa ya Gariep na Vanderkloof yaliyo juu ya mto yanapunguza ukali wake. Katika mafuriko makubwa maji humeza mwamba mzima na majukwaa hufungwa. Mwaka 1988 na mwaka 2011 yalikuja ya kutisha. Tatizo ni kwamba Desemba mpaka Februari joto hupita digrii 40. Juni na Julai hali ya hewa ni nzuri mchana, ila usiku baridi inakaribia sifuri na maporomoko yamekonda. Yamekonda si yamekauka. Bado yanaanguka vizuri, na mwamba unaonekana zaidi. Kwa hiyo familia ya Kenya yenye likizo ya Aprili imebahatika: joto limevunjika, maji bado yapo. Familia ya Tanzania yenye likizo ya Juni iende na masweta na ijue inakwenda kuona korongo zaidi ya maji. Desemba, kwa yeyote mwenye watoto wadogo, nasema hapana bila kusita.

Tsavo ni kinyume chake. Wanyama huonekana vizuri ukavu unapokaza, Juni mpaka Oktoba na tena Januari na Februari, kwa sababu wote wanausogelea mto. Na Lugard inapendeza zaidi wakati huohuo, maji yakiwa yameshuka ndani ya mifereji yake na michongo ya mwamba ikawa wazi. Masika yakichanganya, mto unafunika kila kitu kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na baadhi ya njia zinageuka tope. Likizo ya Agosti ya Kenya na ya Juni ya Tanzania zote zinaangukia pazuri. Desemba inategemea kama vuli imechelewa kuisha.

Awash inajaa Julai mpaka Septemba, wakati wa mvua kubwa za Ethiopia. Desemba kuna ubaridi mzuri na maji kidogo.

Fedha, pasipoti na jambo ambalo wengi hawalijui

Viwango vya kuingia hubadilika, kwa hiyo sitaandika namba itakayowadanganya mwakani. Mjue mpangilio wake. Kenya ina bei ya raia na ya Afrika Mashariki, na bei ya wageni wa mbali ambayo ni kubwa mara nyingi. Mtanzania au Mganda asisahau kitambulisho au pasipoti. Malipo yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, getini hawapokei noti. Lipieni kabla ya kuondoka mjini, mtandao wa simu usije ukawaangusha mkiwa mbele ya geti na watoto wamechoka.

Hifadhi za Afrika Kusini nazo zina ngazi tatu: raia, watu wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Tanzania ni mwanachama wa SADC. Kenya si mwanachama. Kwa hiyo familia ya Dar italipa kiasi cha chini kuliko familia ya Nairobi kwa lango lilelile, mradi waonyeshe pasipoti. Mkongomani wa Lubumbashi naye ana bahati kama ya Mtanzania, yumo SADC na yumo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Viza si kikwazo tena: Watanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, na Wakenya walifunguliwa mlango huo mwaka 2023, mpaka siku 90 kwa mwaka. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja hayumo safarini, barua yake ya ridhaa. Nchi hiyo imewahi kuwa kali sana kwenye jambo hilo. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iwe kwenye pochi ya mkononi.

Lakini gharama kubwa si lango. Kwa Augrabies ni tiketi za ndege mara idadi ya vichwa, na hapo ndipo familia ya watu sita inaposhtuka. Ukishafika, maisha ni nafuu: vyumba vya hifadhi vina jiko, unanunua nyama na mboga Upington au Kakamas, zabibu zinauzwa kando ya barabara kwa kuwa bonde lote la mto ni mashamba ya mizabibu, na hulipi dereva wala mwongozaji. Kwa Tsavo kufika ni rahisi, ila kila siku ndani ni gari la kukodi, mafuta, dereva na ada ya lango inayohesabiwa upya kila saa 24. Anayekaa usiku mbili Tsavo anatumia kidogo. Anayekaa wiki anaanza kulingana na aliyepanda ndege.

Mdomo na afya

Voi chakula halali hakitafutwi, kiko kila kona, na jioni kuna chapati. Awash pia, kwa kuwa Waafar na Waoromo wengi wa pale ni Waislamu. Na kama mtafika Jumatano au Ijumaa, Wakristo wa Orthodox wanafunga, kwa hiyo mezani kutajaa dengu na mboga zilizopikwa bila mafuta ya mnyama. Augrabies ni nchi ya nyama choma ya wakulima wa Kiafrikana. Muislamu anunue nyama yake Johannesburg au Upington akiwa na uhakika wa bucha, aigandishe, ajipikie. Hakuna ubaya katika hilo. Kila kibanda kina mahali pa kuchomea nje, na wageni wa pale wenyewe wanaishi hivyohivyo.

Tsavo na Awash ni maeneo ya malaria: chandarua, dawa ya kupaka, mikono mirefu jioni, na kwa mjamzito au mtoto mchanga, mazungumzo na daktari kabla ya kulipia chochote. Augrabies haihesabiwi miongoni mwa maeneo ya malaria ya Afrika Kusini, ambayo yako kaskazini mashariki ya nchi. Kwa mama mwenye kichanga hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala. Kote, adui wa kweli ni jua. Wekeni lita za maji mnazodhani zinatosha, kisha ongezeni nusu yake.

Basi nani aende wapi

Watoto wa chini ya miaka saba ambao hawajawahi kuona tembo, na mfuko si mnene: Tsavo, usiku mbili, Lugard iwe kituo cha asubuhi mnapotoka kwa geti la Sala mkielekea Malindi kuoga bahari. Wala msiwaambie watoto "tunakwenda kuona maporomoko". Waambieni mnakwenda kuona tembo wekundu, halafu mwamba ule uwe nyongeza.

Watoto wa miaka minane na kuendelea, wenye miguu inayowasha, au familia yenye mzee anayetaka kuona bila kutikiswa na barabara mbovu: wekeni akiba mwaka mzima, muende Augrabies Aprili. Laleni ndani ya hifadhi, siyo mjini, na wekeni nafasi miezi kadhaa kabla, kwa maana Pasaka huwa inaangukia humohumo na Waafrika Kusini wenyewe wanazijaza kambi zao. Vijana wa sekondari waliokwishaiona Tsavo na shule, na ambao safari ya gari inawapa usingizi, wako kwenye kundi hili pia.

Awash kwa walio Addis, hali ikiruhusu, na ikiwa mtaendesha wenyewe kumbukeni kule ni upande wa kulia.

Kama mmegawanyika nyumbani, baba anataka simba na watoto wanataka kukimbia, msiilazimishe Tsavo kuwa Augrabies. Gaweni Tsavo kwa nusu: asubuhi mapema garini, mchana kambini penye bwawa la kuogelea, jioni garini tena kwa saa mbili. Chagueni kambi kwa bwawa lake kabla ya kuangalia vitanda, na ulizeni kama limejaa maji kweli mwezi mnaokwenda, maana katika nyika ile hata hilo si la kudhania.